Ziwa Lililokataa Kungoja Miaka Kumi

Kwanza naomba mnivumilie kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu naishika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua tangu chai ya asubuhi mpaka jua linapotosha kuanika mahindi. Shangazi Gaudensia amesoma yote yaliyomo humu. Ndiye aliyeniruhusu niwaandikie ninyi kina mama na kina dada wa kigango chetu, kwa sababu maswali mnayoniuliza bombani ni mengi, na mimi kwa mdomo sijui kujibu.

Sababu ya mimi na Shangazi kusafiri ilikuwa ziwa lake, titi la kushoto. Shangazi ni dada yake baba, na wengi mnamjua: ndiye aliyekwenda Italia na familia ya mhandisi wa mradi wa maji, akawalelea watoto wao, akarudi na masanduku mawili na viatu vya kisigino ambavyo tope la kwetu lilivimaliza msimu mmoja. Kabla ya kwenda huko alikuwa amezaa mtoto wa kike, na mtoto yule alifariki akiwa bado ananyonya. Tangu arudi anaishi na Bibi, mama yake, nami naishi nao.

Mwaka juzi ziwa lile lilianza kuwa gumu. Shangazi hakusema. Mwaka huu, wakati wa kutwanga, Bibi alimwona anaachia mchi na kujishika kifua. Akamwita ndani, akamgusa, akatoka na uso wa mtu aliyekwisha kujua.

"Limeganda," Bibi alisema. "Mtoto aliondoka, maziwa yakabaki. Miaka yote hiyo yalikuwa yanatafuta njia."

Mnajua tunavyofanya kwa ziwa lililoganda. Maji ya moto, kitambaa kizito, kitana cha mbao cha kuchania kuelekea kwenye chuchu, kisha kukanda kwa viganja mpaka pale pagumu paachie. Bibi mikono yake imechoka, kwa hiyo akasema, "Skola, wewe mwenye mikono ya kukanda ngano, njoo." Nilikanda siku tatu. Shangazi alikuwa anauma upindo wa kanga. Siku ya tatu nilisikia kitu kinateleza chini ya kiganja changu, ghafla, kama yai la kuchemsha linapotoka kwenye ganda lake.

"Limeachia!" Bibi akapiga makofi. "Mungu ni mkubwa. Pumzika, mwanangu."

Wote wawili walifurahi. Mimi sikufurahi, lakini sikuwa na neno la kusema. Nimekanda kina mama wawili kabla ya hapo, na maziwa yanapoachia hutoka, kitambaa kinalowa. Safari hii kitambaa kilikuwa kikavu. Nikakikunja, nikakianika pamoja na vingine.

Baada ya majuma mawili ziwa lilikuwa limebadilika umbo. Chini lilikuwa limebonyea, juu limejaa kuelekea kwapani, na Shangazi alisema linamchoma kama mtu aliyekaa karibu mno na moto. Akaamua tuende Makambako, ambako rafiki yake alimwambia kuna daktari mzee, mstaafu wa serikali, aliyefungua zahanati yake mwenyewe tangu watu binafsi waliporuhusiwa kuwa nazo. Bibi aliambiwa tunakwenda kupima kifua. Mimi nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu, alivyosema Shangazi, mimi simwagi maneno.

Jumapili baada ya misa tuliondoka kwa lori la viazi la misheni mpaka Njombe mjini. Tulifika mchana, lakini ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama asubuhi, na wauza mahindi ya kuchoma walikuwa wamejifunga mablanketi. Basi la Makambako lilikuwa bado. Tukaingia kwenye mgahawa mmoja, tukaagiza chai na maandazi, tukakaa pembeni kabisa karibu na jiko.

Shangazi alilishika bakuli la chai kwa mikono miwili. Akasema bila kuniangalia, "Skola, kesho daktari ataniuliza mambo, na utayasikia. Ni afadhali uyasikie kwangu kwanza."

Nikasema, "Ndiyo, Shangazi."

"Hili ziwa si langu lote. Wala hili jingine."

Sikuelewa. Nilidhani anaongea kwa mafumbo.

"Kule Italia kuna madaktari wanaoweka vifuko chini ya ziwa. Kifuko laini, ndani yake kuna kitu kizito kama uji wa ulezi uliopoa. Wanapasua kidogo, wanaingiza, wanashona. Baada ya mtoto yule, maziwa yangu yalinyauka yakawa kama mifuko ya peremende iliyokwisha kuliwa. Kila nikioga nilimkumbuka yeye. Mama niliyemfanyia kazi alikuwa navyo, akanipeleka kwa daktari wake. Nilifanya, Skola. Sikufanya kwa ajili ya mwanamume."

Mhudumu akaja kuongeza chai, tukanyamaza mpaka akaondoka.

"Yule mama aliniambia vinadumu miaka kumi, ndipo vinabadilishwa," Shangazi akaendelea. "Sasa ni mwaka wa nane. Ndiyo maana lilipoanza kuwa gumu sikuhangaika. Nilijiambia, bado miwili. Na Bibi aliposema limeganda nikasema labda kweli, kwa maana kifuko hakiwezi kuwa na shida kabla ya wakati wake."

"Bibi anajua?"

"Bibi nimwambieje? Kwamba niliacha kaburi la mtoto huku nikaenda kununua maziwa Ulaya?"

Chai yangu ilipoa. Nilikuwa nafikiria yai la kuchemsha. Nilifikiria viganja vyangu, na jinsi nilivyoegemea kwa uzito wangu wote siku ile ya tatu kwa sababu Bibi alikuwa anasema, "Kaza, kaza, usimwonee huruma." Nilitaka kumwambia Shangazi pale pale. Mdomo ukakataa. Shuleni pia ilikuwa hivyo: jibu ninalo, mkono haupandi.

Saa tisa basi lilikuja. Lilikuwa jipya, la mtu binafsi, limeandikwa maneno ya dini mbele na nyuma. Shangazi alikaa dirishani, amejifunga kanga mbili na kukikumbatia kifua chake kila tulipopita kwenye shimo. Kondakta, kijana mwenye kofia ya sufu, akamtazama.

"Mama, mbona umekumbatia hivyo? Kama umeficha kuku humo, naye analipa nauli!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kuku wa Njombe hawapandi basi, wanaogopa joto la Makambako." Wakacheka tena. Shangazi naye alicheka, akasema, "Kuku wangu amelala, usimwamshe," na kondakta akaridhika akaenda mbele. Lakini mimi niliyekuwa karibu niliona macho yake yamejaa. Njia nzima nilitazama nje: miti ya mbao, mashamba yaliyovunwa, wanafunzi wa shule ya Kidugala wamesimama kwenye njia panda na masanduku yao ya bati wakingoja kupakiwa. Kila kilomita nilijiambia, nitasema tukifika.

Tulipofika Makambako jua lilikuwa bado lipo. Ni kweli, huko ukungu unaisha na vumbi linaanza. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamejipanga pande zote mbili, na maduka yalikuwa na vitu ambavyo nikiwa mdogo hatukuviona kabisa: sabuni za rangi kumi, maziwa ya kopo, mitumba imetundikwa mpaka juu ya paa. Rafiki yake Shangazi, Mama Shemsa, alitungoja mlangoni pa duka lake. Yeye ni mtu wa Kondoa, alikuja na mumewe mwenye malori, sasa ni mjane na anauza kanga na mitumba mbele, nyuma ana vyumba vya wageni.

"Gaude! Kamwene!" alisema kwa Kibena chake cha sokoni, akamkumbatia, kisha akamwachia haraka. "Shoga, umepauka. Ni baridi au ni maumivu?"

"Vyote."

"Na huyu mtoto? Mwanangu, shikamoo hujafundishwa, au ulimi umeuacha Njombe?"

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba. Kumbe upo!" Akacheka, akatuingiza ndani, akatuwekea maji ya moto ya kuoga na wali wa maharage. Yeye alikuwa anajua habari za vifuko tangu mwanzo. Shangazi alimwambia yeye, lakini mama yake mzazi hakumwambia. Jambo hilo nililiwaza sana.

Jumatatu asubuhi tulikwenda zahanati. Daktari ni mzee mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, anaongea polepole kama mwalimu. Chumba chake kina kitanda, mizani, na pazia la kijani. Shangazi alimweleza yote. Daktari hakushangaa wala hakumcheka. Alisema, "Vitu hivi nilivisoma nilipokuwa masomoni nje. Kwa mikono yangu nimekutana navyo mara mbili tu. Kwa hiyo nitakuuliza mengi, unisamehe."

Aliuliza kama ana homa, kama amekonda, kama kuna majimaji yanayotoka. Shangazi akajibu. Nami nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia kila neno.

"Ulianguka? Uligongwa na kitu?"

"Hapana."

"Samahani kwa swali hili: kuna mtu aliyekupiga?"

"Hapana, Daktari. Mimi sina mume."

"Hakuna aliyelijeruhi kwa namna yoyote?"

"Hakuna."

"Na kubadilika huku, kumeanza lini?"

"Kidogo kidogo, tangu mwaka juzi."

Shangazi hakudanganya. Kwetu kukanda si kumjeruhi mtu, ni kumtibu. Angeulizwa kama ametibiwa nyumbani labda angesema. Lakini swali halikuja hivyo, na Daktari akaandika alichokisikia.

Alipomaliza kumpima alisema mwili hujenga ganda la nyama kuzunguka kifuko, ndiyo kawaida yake, na kwa watu wengine ganda hilo hukaza mpaka ziwa linakuwa gumu na kupinda. "Naona ndilo lililokupata. Jambo hili huenda polepole. Kuna mashine ya kupiga picha ya ndani kwenye hospitali ya misheni, lakini wanaongoja ni wengi, wajawazito wana haki ya kwanza. Nitakuandikia upigwe picha mwezi ujao. Kwa sasa nenda nyumbani, usibebe vizito."

Tulitoka nje. Shangazi alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Unaona?" aliniambia. "Polepole. Nilijua bado miaka miwili." Akataka tupande basi la mchana. Mama Shemsa akakataa, akasema hatuwezi kuondoka bila kula pilau yake, tulale, tuondoke kesho.

Mchana ule tulikaa uani tukichambua mchele. Shangazi alikuwa ndani amejilaza. Mama Shemsa alikuwa anasimulia habari za mteja aliyerudisha sidiria ya mtumba akisema ina kovu, na mimi nikawa najitahidi kucheka. Akaacha kusimulia.

"Skola. Mchele huo umeuchambua mara tatu. Una nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Haya, usiniambie. Mimi nina mdomo mpana, hata shemeji zangu wanajua. Lakini kama ni la shangazi yako, kuna mtu mmoja hapa mjini ambaye kazi yake ni kusikia."

"Siwezi kuongea naye," nilisema. Nikashangaa kwamba hata hayo nimeyasema.

"Kuandika unaweza?"

Akaingia dukani akaniletea daftari la kuandikia wadeni, akachana kurasa mbili safi, akanipa na kalamu. Kisha akaenda kuswali alasiri na kuniacha peke yangu na ungo wa mchele. Niliandika mpaka aliporudi, na bado nikaandika. Niliandika hivi: "Daktari, shikamoo. Ziwa la Shangazi lilikandwa siku tatu. Mimi ndiye niliyelikanda. Tulidhani ni maziwa yameganda. Siku ya tatu kitu kiliteleza, lakini maziwa hayakutoka. Kabla ya siku hiyo lilikuwa gumu ila umbo lake lilikuwa sawa. Kubonyea kumeanza baada ya hapo, na kuvimba karibu na kwapa. Naomba usimwambie Bibi." Sijui kwa nini niliandika hilo la mwisho. Daktari hamjui Bibi.

Jumanne saa moja na nusu nilikuwa mlangoni pa zahanati kabla ya kufunguliwa. Shangazi nilimwambia nakwenda kununua sabuni. Daktari alipofika nilimpa karatasi kwa mikono miwili, nikarudi nyuma hatua tatu. Aliisoma amesimama. Akaisoma tena.

"Ingia," alisema.

Ndani alichukua mfuko wa plastiki wa maji ya dripu, akaufunga kwenye taulo, akauweka juu ya kitanda. "Maneno yako nimeyaelewa. Sasa sitaki uongee. Nionyeshe tu ulivyokanda."

Nikanawa mikono kwa mazoea. Nikaanza kwa vidole, nikazungusha, kisha nikaweka viganja viwili na kuegemea kama Bibi alivyonifundisha. Mfuko ulijibana chini ya taulo. Daktari akavua miwani.

"Kumbe kukanda kwenu ndiko huku," alisema taratibu. "Mimi nimekulia pwani. Kwetu kukanda ni kitambaa cha moto tu, unambandika mtu, kisha unakiondoa. Mngeniambia limekandwa, nisingejua maana yake." Akaandika kwa muda, kisha akaniuliza, "Shangazi yako anajua umekuja?"

"Hapana."

"Kamlete. Utamwambia wewe. Mimi nitakuwepo."

Nilirudi dukani nikikimbia. Sikumbuki nilichosema, ila Shangazi alivaa viatu vya Mama Shemsa kwa haraka, kimoja kikubwa kuliko kingine. Mbele ya Daktari nikasema sentensi moja. "Shangazi, siku ile hayakuwa maziwa, nilisikia kitu kimekatika mikononi mwangu."

Nilingoja anipige, au alie.

"Na mimi nilisikia," akasema. "Kwa ndani. Nilidhani ndiyo kuachia kwenyewe. Bibi alikuwa anafurahi sana, Skola. Ningesemaje?"

Jumatano Daktari alitupeleka mwenyewe kwa gari lake hospitali ya misheni, akaongea na sista, na wajawazito wawili wakakubali kumpisha. Mashine ina kioo kama televisheni ndogo, na picha yake ni kama mvua inayonyesha usiku. Daktari alituonyesha kwa kidole. Ziwa la kulia lilikuwa na mstari mmoja safi, umezunguka wote. La kushoto mstari ulikuwa umevunjika na kujikunja ndani, na karibu na kwapa kulikuwa na vidoa vyeupe. "Kimepasuka, na kilichomo kimetoka nje ya ganda," alisema. "Hiki si cha kungoja mwezi ujao. Hakitakuua wiki hii, usiogope hivyo. Lakini kadiri kinavyosambaa ndivyo kukitoa kunavyokuwa kugumu. Kile kivimbe cha kwapani pia nitakitoa kikapimwe, kwa sababu kivimbe cha ziwa hakikisiwi, hata kama una hakika unakijua."

Kisha akamweleza kwamba hapa kwetu hana vipya vya kuweka. Anayetaka kubadilishiwa itabidi asafiri mbali. Yeye anaweza kutoa tu: cha kushoto lazima, cha kulia akipenda.

"Hicho cha kulia kina ubaya?"

"Leo sioni ubaya wowote."

Shangazi alilishika ziwa lile zima kama mtu anayeshika mkono wa mgeni anayeaga. "Toa vyote viwili," akasema. "Sitaki kuanza kuhesabu upya."

Alhamisi asubuhi aliingizwa chumba cha upasuaji pale misheni. Mimi na Mama Shemsa tulikaa kwenye benchi la nje, yeye na tasbihi yake, mimi na rozari yangu. Hatukuongea, isipokuwa mara moja aliponong'ona, "Wewe nenda haraka kidogo, unanikosesha hesabu." Saa sita Daktari alitoka, akaniita mimi peke yangu. Kwenye sinia ya bati kulikuwa na vifuko viwili. Kimoja kilikuwa kizima, kinang'aa, kimegeuka rangi kidogo. Kingine kilikuwa kimepasuka kwenye kona iliyokunjika, na ute wake ulikuwa unanata kwenye sinia.

Nikauliza. Nilijisikia nikiuliza, kama sauti ya mtu mwingine. "Ni mimi?"

"Angalia huu mkunjo," alisema. "Hapa kilikuwa kinajisugua kwa muda, tangu ganda lilipoanza kukibana. Kilikuwa kimechakaa. Inawezekana kilikuwa kimeanza kupasuka kabla hujakigusa, na inawezekana mikono yako ndiyo iliyomalizia. Zaidi ya hapo ningekuwa nakubembeleza."

Nikaitikia. Nilishukuru kwamba hakunibembeleza.

"Na angalia kitu kingine. Hivi viliwekwa siku moja, na daktari mmoja, kwa mtu mmoja. Kimoja kizima, kimoja hiki hapa. Sasa tarehe ingekuambia nini? Kuna vinavyokaa miaka kumi na tano salama, kuna ambavyo havifiki mitano. Miaka kumi ni makadirio ya watu, si kopo la maziwa lililopigwa muhuri. Ziwa ndilo linalosema. Likianza kuwa gumu, limesema. Likipanda juu au kubonyea, likichoma, likivimba, kukitokea kivimbe, limesema. Na kuna vinavyopasuka bila kusema chochote, ndiyo maana anayevibeba apimwe mara kwa mara hata akijisikia mzima."

Tulikaa Makambako siku kumi kuanzia Alhamisi ile, mpaka nyuzi zilipotolewa. Majibu ya kivimbe yalikuja tukiwa bado huko, kwamba ni ule ute tu, hakuna kansa. Siku ile Mama Shemsa alichinja kuku, akasema, "Huyu ndiye kuku wako uliyemficha kwenye basi," maana Shangazi alikuwa amemsimulia. Shangazi alicheka akishika kidonda, akimwomba anyamaze.

Jumamosi tulirudi. Njombe ukungu ulikuwa pale pale. Kutoka mjini mpaka nyumbani nilijua Shangazi anatafuta la kumwambia Bibi.

Jioni tulimkuta Bibi jikoni anamenya viazi. Shangazi hakungoja hata maji ya kunywa. Akapiga magoti, akafungua kanga, akamwonyesha kifua kilicholala na makovu mawili. Akamwambia yote, kuanzia Italia. Bibi alisikiliza bila kuacha kumenya. Alipofika kwenye kifuko kilichopasuka kisu kikasimama.

"Kwa hiyo siku zile tatu," Bibi alisema, "nilikuwa natibu ugonjwa usiokuwepo."

"Mama, niliona haya."

"Kosa si maziwa ya Ulaya, mwanangu. Hayo ningeyasema siku mbili nikachoka. Uliniacha nimwamuru mtoto huyu akaze, akaze. Uliniona natenda kwa upofu, ukauma kanga."

Shangazi akalia, wala Bibi hakumnyamazisha. Baadaye kidogo alinyoosha mkono wake wenye unga wa viazi, akaugusa upande wa kushoto, taratibu sana, kwa ncha za vidole, akauliza, "Hapa panauma?" Shangazi akasema panauma. Bibi akaondoa mkono. Akauliza tena, "Na hapa?"

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nilichojifunza ni kwamba aliye na kitu mwilini asimfiche anayemuuguza, na anayeuguza asianze kwa mikono. Kama kati yenu yuko mwenye vifuko kama vile, au mwenye ziwa lolote linalobadilika, aende akapimwe leo, asihesabu miaka. Akienda amwambie daktari kila kitu alichotendewa nyumbani, hata kile ambacho kwetu kinaitwa dawa.

Naomba mniandikie, mkiweza. Barua mnaweza kumpa katekista, atanifikishia. Nataka hasa kujua kutoka kwa kina mama mnaokanda: kabla ya kuweka maji motoni, huwa mnamuuliza nini mgonjwa? Mimi nimeitwa tena juzi, kwa jirani aliyejifungua. Nilimuuliza maswali mpaka akanicheka, na bado sina hakika kama niliyamaliza.